Mtoto anazaliwa na ubaguzi ama tunamfundisha sisi? Maswali ambayo wazazi wananiuliza kila muhula

Mimi ni mwalimu wa nasari hapa Kampala, na darasani kwangu wako watoto wa Kiganda, Wasomali wa mtaa wa Kisenyi, Wakongo ambao wazazi wao walikimbia vita, Waacholi, Wahindi, na mwaka huu nina Mchina mmoja. Kila muhula wazazi wananisimamisha getini na maswali ni yale yale, na pale getini na boda zinapiga honi huwezi kujibu vizuri, kwa hiyo nimekaa chini nikaandika.

Haya niambie kwa ufupi, anazaliwa nayo ama anajifunza?

Anazaliwa na macho ya kutofautisha vitu, na anapenda alichokizoea. Hazaliwi akijua kwamba ngozi fulani ni mbaya ama watu fulani ni wezi. Hiyo anaipata kwetu sisi, na mara nyingi tunampa bila kufungua mdomo.

Mbona wangu alipoona mzungu mara ya kwanza alipiga kelele kama ameona simba?

Alikuwa na umri gani? Kama alikuwa na miezi nane ama tisa basi hiyo ni woga wa wageni, karibu watoto wote wanapitia, ata mjomba wake mwenye ndevu akitoka Arua anamlilia vilevile. Woga huo unapita.

Lakini swali lako lina kitu ndani yake maana watafiti wamelichunguza. Mwaka 2005 kulitoka utafiti wa watoto wachanga kabisa, wa siku chache tu, waliwaonyesha sura mbili mbili, moja ya watu wao na moja ya watu wa rangi nyingine, wakapima wanaangalia ipi muda mrefu. Wachanga hawakuchagua, zote zilikuwa sawa kwao. Wa miezi mitatu ndio walikuwa tayari wanaangalia zaidi sura za kwao. Kwa hiyo ndani ya ile miezi mitatu kuna kitu kimeingia, na kitu chenyewe ni nyuso zinazomwinamia kitandani kila siku, mama, jjajja (bibi yake), dada wa kazi.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa 2006, huo unatuhusu maana ulifika Ethiopia. Walichukua watoto wa miezi mitatu makundi matatu: Waethiopia wanaokulia Ethiopia, wazungu wa Israeli wanaokulia Israeli, na watoto wa Kiethiopia ambao familia zao zilikuwa zimehamia Israeli, wanaishi kwenye vituo vya wahamiaji ambako wanaona watu weusi na weupe kila siku. Wale wa Ethiopia wakapendelea sura za Kiafrika, wale wazungu wakapendelea za kizungu, na wale wa tatu, ambao damu yao ni ya Ethiopia kabisa, hawakupendelea upande wowote. Damu ni ile ile jamani! Kilichobadilika ni nani anapita mbele ya macho yao.

Kwa hiyo kupenda sura za kwao ndio mwanzo wa ubaguzi?

Hapana, na hapa wengi wanachanganya. Mtoto kuangalia sura fulani sekunde mbili zaidi si chuki. Ni mazoea, kama ugali wa kwenu. Kinachotokea ni kwamba kufikia miezi tisa hivi ubongo wake unakuwa umeamua zile sura anazoziona sana ndizo atazijua moja moja, zile nyingine zinaanza kufanana, ndio maana watu wazima wanasema Wachina wote wanafanana na Wachina nao wanasema sisi ndio tunafanana. Na ata hiyo haijafungwa na kufuli. Kuna watoto wa Korea waliochukuliwa na familia za Ufaransa wakiwa na miaka mitatu mpaka tisa, walipopimwa wakiwa watu wazima walikuwa wanazitambua sura za wazungu vizuri kuliko za Wakorea wenzao.

Rangi ndio kitu cha kwanza mtoto anachotumia kubagua?

Hapana, lugha inatangulia. Mtoto wa miezi mitano ama sita anamwangalia zaidi mtu aliyeongea lugha ya kwao, wa miezi kumi anapokea mdoli kwa aliyeongea lugha yake na kumwacha mwingine. Marekani watafiti waliwauliza watoto wa kizungu wa miaka mitano nani ungependa awe rafiki yako, mtoto mweupe anayeongea Kiingereza kwa lafudhi ya kigeni ama mtoto mweusi mwenye lafudhi kama yako, wakachagua yule mweusi. Lafudhi ikashinda rangi.

Na hapa ndipo pananiuma mimi binafsi kwa hiyo mnisamehe nikirefusha. Nimekulia mji wa Bombo, sisi ni Wanubi, uzao wa askari wa Kisudani walioletwa na wakoloni, nyumbani tulichanganya Kinubi na Kiswahili. Mnajua Kiswahili kilivyo hapa Uganda. Watu walikisikia kwa askari, barabarani, kwenye rodiblok, usiku mlango unagongwa, miaka ile ya utawala wa Idi Amin na iliyofuata, mtu mwenye bunduki alikuwa anakuamrisha kwa Kiswahili. Kwa aliyepitia hayo kuogopa Kiswahili kuna maana, sitamlaumu hata siku moja. Mimi lakini nilizaliwa baada ya 1979, mwaka Amin alipong'olewa, yeye nimemwona kwenye picha tu, na nilipopelekwa shule ya msingi nikaongea Kiswahili uwanjani, watoto wa umri wangu, ambao na wao Amin hawakumjua, wakaniambia hiyo ni lugha ya wezi na baba yako ni muuaji. Mwalimu alisikia akacheka. Baba yangu alikuwa fundi cherehani.

Sasa niambieni wale watoto walizaliwa na hiyo chuki? Hakuna mtoto anazaliwa anajua Amin. Na leo, katiba ilishafanyiwa marekebisho 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari, bado mtoto wa P.2, darasa la pili, aliyezaliwa juzi anakwambia Kiswahili ni cha wezi. Miaka zaidi ya arobaini na neno linatembea kutoka kwa babu kwenda kwa mjukuu bila yule mjukuu kuona kitu chochote. Mtu akiniuliza ushahidi wa kwamba ubaguzi unafundishwa sihitaji kwenda Marekani, ninao hapa.

Lakini mimi sijawahi kumfundisha mtoto wangu kuchukia mtu!

Nakuamini, mzazi. Ila wahenga walisema mtoto akibebwa hutazama kisogo cha nina. Yuko mgongoni, anaona unakogeuka na unakokaza hatua. Ukipita Kisenyi unashika mkoba kwa nguvu, ukifika kwingine unauachia. Watoto wa Karamoja, kule kaskazini mashariki mwa nchi, wakisogelea gari kwenye taa unapandisha kioo haraka, lakini yule muuza maji unamshushia. Mteja Mhindi akiingia unasimama, mkimbizi akiingia unaendelea na simu. Hujasema neno lakini mtoto ameshasoma somo lote.

Italia walilipima hili, 2008. Watoto wa miaka mitatu mpaka sita walionyeshwa video ya mzungu anaongea na mtu mweusi. Maneno yalikuwa mazuri mara nyingine na ya kawaida mara nyingine, lakini walibadilisha mwili pia, mara anakaa karibu anamwangalia machoni, mara anajitenga, macho pembeni. Watoto hawakufuata maneno, walifuata mwili. Mzungu akijitenga, watoto nao hawakumtaka yule mtu mweusi, hata kama maneno yalikuwa matamu. Nilipousoma huo utafiti nilikaa kimya muda mrefu, nikaanza kujiuliza mimi mwenyewe mwili wangu unasema nini darasani, nani namkumbatia asubuhi na nani namsalimia kwa mbali.

Na tafadhali acheni kuwatisha na watu. Lala ama mzungu atakuchukua, kula ama nitakupa Mkaramoja, nyamaza polisi huyo. Mnashangaa nini mtoto akimkimbia Mkaramoja?

Wakati mwingine pia si wewe. Tafiti nyingi zikikusanywa pamoja zinaonyesha mawazo ya mtoto na ya mzazi wake yanafanana, lakini kiasi tu. Kuna shangazi, kuna katuni, kuna simu uliyompa ili anyamaze, kuna watoto wenzake.

Inaanza umri gani hasa?

Miaka mitatu minne anajua kutaja rangi za watu na kujiweka kwenye kundi. Tabia ya kubagua inapanda mpaka miaka mitano hadi saba, hapo ndipo juu kabisa, yaani topu klasi (mwaka wa mwisho wa nasari), P.1 na P.2, halafu kwa wengi inashuka kidogo kufikia miaka kumi maana akili yake sasa inaweza kuelewa kwamba mtu anaweza kuwa tofauti na bado akafanana na yeye kwa mambo mengine. Kwa hiyo ukisikia wa miaka sita anasema neno baya usione kwamba umezaa shetani, na usiache pia.

Nimesikia kwamba ubongo una sehemu inayoogopa watu weusi, ni kweli?

Unaongelea amigdala, ni sehemu ndogo ndani ya ubongo inayoshtuka ikiona jambo la kuangaliwa kwa makini. Kuna tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba kwa watu wazima wengi inashtuka zaidi wakionyeshwa sura nyeusi, na watu wakarukia kusema basi ni maumbile. Sasa 2013 wakapima watoto, kuanzia miaka minne mpaka kumi na sita, wakakuta kwa wadogo hicho kitu hakipo, kinajitokeza kwenye ujana, na kwa wale waliokuwa na marafiki wa rangi mchanganyiko kinakuwa kidogo. Kama ingekuwa ya kuzaliwa nayo isingesubiri miaka kumi na minne.

Fikiria pia hivi. Mababu zetu walitembea kwa miguu. Mtu aliyezaliwa, akaoa na kufa ndani ya umbali wa siku chache za kutembea alikutana wapi na mtu wa rangi tofauti kabisa? Ubongo haungeweza kujiandalia kisanduku cha rangi kwa kitu ambacho hakikuonekana. Kilichokuwepo kila siku ni swali la nani yuko na sisi na nani yuko na wale.

Basi hicho cha "sisi na wale" ndio cha kuzaliwa?

Eee, hapo nakubali, utayari wa kujigawa kwenye makundi tunao wote. Henri Tajfel, mwanasaikolojia aliyepoteza ndugu zake Wayahudi mikononi mwa Wanazi, alichukua vijana wa miaka 14 na 15 huko Bristol, Uingereza, akawagawa kwa kitu cha kijinga kabisa, eti wewe unapenda picha za mchoraji huyu na wewe za yule, hawajui hata mwenzao kwenye kundi ni nani. Alipowapa pesa wagawie wengine, wakapendelea kundi lao.

Lakini soma na hii ya tishati maana inamaliza maneno. Mtafiti Rebecca Bigler na wenzake waligawia watoto wa shule huko Marekani tishati za bluu na za njano. Kwenye madarasa mengine mwalimu alizitumia kila wakati, bluu wapange mstari huku, njano kaeni kule. Kwenye mengine tishati zilivaliwa lakini mwalimu hakuzitaja kabisa. Baada ya wiki chache wale ambao mwalimu alizitaja wakaanza kuona kundi lao ni bora. Wale ambao hazikutajwa, karibu hakuna kitu. Rangi ya tishati ilionekana kwa wote sawasawa! Mtoto anatazama watu wazima wanatumia nini kupanga dunia, na hicho ndicho anakibeba.

Mimi mwenyewe nilikosea hapa. Muhula mmoja niligawa darasa timu nyekundu na timu ya kijani, pointi ubaoni, wanaoshinda wanatoka kwanza kwenda kucheza. Wiki ya tatu mtoto mmoja alikataa kumpa jirani yake kipande cha chapati, akaniambia, mwalimu, huyu ni wa kijani. Nikafuta zile pointi siku hiyo hiyo na sijarudia.

Watoto weusi wanaweza kujidharau wenyewe?

Wanaweza na inaumiza sana. Miaka ya 1940 Marekani, mke na mume, Mamie na Kenneth Clark, wote watu weusi na wote wanasaikolojia, waliwapa watoto weusi 253 wa miaka mitatu mpaka saba midoli iliyofanana kila kitu isipokuwa rangi. Nipe mdoli mzuri. Nipe mdoli mbaya. Wengi wakachagua mweupe kuwa mzuri na mweusi kuwa mbaya, halafu wakiulizwa nipe mdoli anayefanana na wewe, wengine wakalia, wengine wakatoka chumbani. Kazi hiyo ilitajwa kwenye hukumu ya mahakama kuu ya Marekani ya 1954 iliyosema kutenganisha shule kwa rangi ni kinyume cha katiba.

Sasa ingia duka lolote la midoli mjini hapa uhesabu ngapi ni nyeusi. Halafu rudi nyumbani usikilize. Dada mmoja anaitwa brauni wetu, mwingine anaambiwa mweusi kama makaa, wageni wakija yule wa kwanza ndiye anaitwa asalimie, na baadaye mnashangaa msichana wa sekondari anajichubua. Hakuna mzungu kwenye hiyo nyumba. Ni sisi kwa sisi.

Mtoto wangu aliniuliza, Muhindi ni mtu wa Uganda? Nikakosa jibu.

Ulikosa kwa sababu na sisi wakubwa hatujamaliza hilo swali. Mwambie historia kwa kiasi chake. Waingereza walileta vibarua kama 32,000 kutoka India kujenga reli kutoka Mombasa, ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901, wengi walirudi kwao, na wengine wengi walikuja kwa nauli zao kufanya biashara. Agosti 1972 Amin akawapa Waasia siku 90 watoke, maelfu kwa maelfu wakaacha nyumba na maduka, na baadhi yao walikuwa wamezaliwa hapa hapa na wana uraia. Wengine walirudi baadaye, wengi wao miaka ya 1990. Katiba yetu inaorodhesha makabila 65 ya asili na wao hawamo, lakini uraia ni kitu kingine na wako Wahindi wenye pasipoti ya Uganda kama wewe.

Na mwambie ukweli wa upande wa pili pia. Zipo nyumba za Wahindi ambamo mfanyakazi mweusi ana kikombe chake peke yake, na mtoto wa nyumba hiyo anakua akiona kile kikombe. Yule naye hakuzaliwa nacho.

Vipi makabila? Hiyo si rangi.

Kwa mtoto ni kitu kimoja. Alama yoyote mtakayoitumia kupanga watu ataipokea, iwe ngozi, jina ama pua. Ule msemo wa zamani kwamba hatutasubiri Karamoja iendelee bado unarushwa kwenye mazungumzo mbele ya watoto kama ni kitu cha kuchekesha.

Si afadhali kunyamaza? Nikimwambia mambo ya rangi si ndio namfungua macho?

Macho yalifunguka zamani. Ukinyamaza anajijibu mwenyewe, anaona nani anafagia na nani anamiliki duka, anasema kumbe ndivyo walivyo. Kuna utafiti wa 2007 Marekani, watoto wa miaka sita mpaka kumi na moja walifundishwa habari za Wamarekani weusi mashuhuri, kundi moja likaambiwa pia walivyobaguliwa na wazungu, lingine likafichwa hiyo sehemu. Watoto wa kizungu walioambiwa ukweli wote ndio walitoka wakiwaheshimu zaidi watu weusi.

Kumweka shule yenye mchanganyiko kunatosha?

Haitoshi. Gordon Allport, mwanasaikolojia wa Marekani, alishasema 1954 kwamba watu kukutana kunasaidia pale wanapokuwa sawa, wana kazi moja ya kufanya pamoja, na wakubwa wanaunga mkono. Kama Msomali anakaa nyuma peke yake mwaka mzima huo ni mchanganyiko wa rejista tu. Kitu kidogo kinachosaidia ni kuwafanya wamjue mtu kama mtu. Uchina watoto wa miaka minne mpaka sita walifanyishwa zoezi fupi la kutambua sura za Waafrika moja moja, huyu ni nani na yule ni nani, na upendeleo wao wa ndani, ule ambao mtu mwenyewe haujui, ukapungua. Kwangu kila Jumatatu mtoto mmoja anatufundisha kusalimia kwa lugha ya kwao na kutuambia nani alimpa jina lake, basi.

Mtoto wangu amemwita mwenzake nyani. Nimchape?

Usimchape, atajifunza tu kusema ukiwa haupo. Muulize kwa utulivu ulisikia wapi, na ujiandae maana jibu linaweza kuwa jina la mtu wa nyumbani kwenu. Mwambie wazi hilo neno linaumiza na kwetu halisemwi. Halafu aende amuombe mwenzake msamaha kwa mdomo wake, na wewe ukiwepo umuone mzazi wa yule mwenzake uso kwa uso.

Na kama wangu ndiye aliyeitwa hivyo?

Usimwambie wapuuze tu. Mimi niliambiwa hivyo nikawa najua kwamba nyumbani hakuna wa kunisikiliza. Mwambie walichofanya ni kibaya na wewe huna kosa, msikilize mpaka amalize, hata kama anarudia rudia. Halafu njoo uniambie siku ile ile, usisubiri kikao cha wazazi. Nipo getini kuanzia saa moja asubuhi, na kama kuna watu wengi nitoe pembeni tuongee, kwa Kiswahili ama Kiganda, vyovyote utakavyoweza.